Kabichi Inayopumua

Mtu akiumwa tumbo Kariakoo, wa kwanza kushikwa ni mwenye sufuria. Imekuwa hivyo tangu Inspekta Zulekha Mtopela akiwa anajifunza kusoma. Mwaka wa kipindupindu walianza na mama ntilie. Mwaka maji yalipojaa Jangwani walianza na mama ntilie, kana kwamba wao ndio walioleta mvua. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa mbili asubuhi, alipofungua jalada la Fortunata Mlay na kukuta maelezo ya mashahidi saba yanafanana mpaka penye nukta, hakushangaa. Alikasirika tu, na hasira yake huwa haina kelele.

"Filbert."

"Naam, afande."

"Haya maelezo kayaandika nani?"

"Mimi, afande. Alhamisi jioni, hospitali. Watu walikuwa wanatapika."

Zulekha akasoma kwa sauti. "'Nilikula kimchi ya Fortunata, baada ya muda koo likawaka na tumbo likakata.' Huyu wa kwanza. Wa pili: 'Nilikula kimchi ya Fortunata, baada ya muda koo likawaka...' Mpaka wa saba. Hawa wanaimba kwaya moja?"

"Ndivyo walivyosema, afande."

"Uliwauliza walikula wamekaa wapi?"

Koplo Filbert akachungulia jalada.

"Uliwauliza waliuziwa na nani?"

"Afande, kimchi ya Fortunata si anauza Fortunata?"

Zulekha alinyanyua macho kwenye kabati la vielelezo. Juu yake, chini kabisa ya bati, palikuwa na kopo la plastiki lenye stika ya Fortunata, lililochukuliwa dukani kwa mmoja wa wagonjwa likiwa halijafunguliwa. Juu ya kopo palikuwa na kikombe cha chai kinachofuka moshi.

"Chai ya nani ile?"

"Yangu. Meza imejaa, afande."

"Ondoa chai yako juu ya kielelezo changu."

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Fortunata alikuwa na fremu moja Mtaa wa Mchikichi, meza tano, anapika chakula cha Kikorea. Wasichana wanaouza maduka ya nguo walikuwa wameiona kimchi kwenye tamthilia zilizotiwa Kiswahili, wakaja kuionja kwa utani, wakabaki. Ni kabichi tu, imetiwa chumvi na pilipili, ikaachwa ichachuke. Alhamisi watu saba wa mitaa ya jirani wakaungua koo na matumbo, wote wakitaja jina lake. Ijumaa afisa afya akafunga fremu kwa utepe. Leo saa tisa alasiri angekuja kusaini hati ya kuifunga moja kwa moja, na jalada la polisi ndilo angelisoma kabla ya kushika kalamu.

Saa mbili na nusu Fortunata aliingia kusaini daftari la dhamana, kama alivyoamriwa kila asubuhi. Mwanamke wa Kirombo, miaka arobaini na kitu, mikono imekauka kwa chumvi.

"Dada Fortunata, jokofu lako lilizimika wiki ile?"

"Hata lingezimika, inspekta. Wakorea wenyewe huko kwao walikuwa wanazika mitungi ardhini. Jokofu ni la majuzi."

"Nani anataka ufunge?"

"Kila mwenye hamu na ile fremu. Nikutajie mtaa mzima?"

"Nitajie mmoja mliyegombana naye."

Fortunata akakunja kitenge mapajani. "Bwana Kang wa Masaki. Nilimpikia miaka kumi na mmoja. Siku naondoka alipiga kelele mpaka wateja wakaacha kula. Lakini sitaki kumsingizia mtu. Nimeona inavyouma."

Alipotoka, Filbert alikuwa ameshavaa kofia. "Afande, hii naijua. Tajiri mwenye mgahawa anamharibia mpishi wake wa zamani. Mwishoni inagundulika ni ndugu."

"Umeiona wapi?"

"Tamthilia ya Jumapili."

"Twende."

* * *

Njiani Filbert alimhesabia Zulekha sehemu za kula Kikorea jijini. Kwa Kang, Masaki, unachoma nyama mwenyewe mezani kwa koleo na mkasi. Upanga, ghorofa ya pili, kuna mama anayepika tambi za baridi zenye barafu ndani ya bakuli. Na kwa Fortunata, ambako wali unaletwa na visahani sita, na kisahani kikiisha unaongezewa bila kuulizwa.

"Ipi nzuri zaidi?"

"Watu wanasema Fortunata."

"Wewe ulikula ipi?"

"Mimi nimeziona kwenye simu, afande."

Bwana Kang walimkuta amevaa aproni, anapanga koleo mezani kabla ya wateja. Nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Ana miaka ishirini na miwili Dar, na Kiswahili chake kimekaa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mmekula?"

"Tumekuja kuuliza. Fortunata aliondokaje hapa?"

"Kwa kelele. Kelele zangu. Yeye alinyamaza." Kang akaweka koleo chini. "Aliniambia chakula hiki Kariakoo watakipenda. Nikamwambia Kariakoo wanataka ugali na maharage. Mpumbavu alikuwa mimi."

"Alhamisi mchana ulikuwa wapi?"

Mzee akatazama mlango wa jikoni, kisha mezani. "Kariakoo."

Filbert akafunua daftari haraka.

"Kufanya nini?"

Kang akajifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu. "Kula," alisema. "Kila Alhamisi. Navaa kofia, nakaa meza ya pembeni. Mteja wangu akiniona nimekaa Mtaa wa Mchikichi nakula kwa mpishi wangu wa zamani, nitasema nini? Lakini kimchi yangu siku hizi inatengenezwa na vijana, wanaisoma kwenye karatasi. Yake anatia uduvi wa soko la Feri. Mama yangu alikuwa anatia uduvi."

"Alhamisi ile uliila?"

"Niliongezewa mara mbili. Halafu nikanunua kopo la kubeba."

"Hukuumwa?"

"Inspekta, mimi nilisikitika tu kwamba tumbo limejaa."

Aliingia jikoni akarudi na kopo kutoka kwenye friji. Stika ileile. Tarehe ya Alhamisi, kwa mwandiko wa Fortunata. Zulekha aliligeuza kwenye mwanga. Katikati ya mfuniko palikuwa na kitundu cha sindano.

"Hiki nani katoboa?"

"Yeye. Makopo yote anatoboa. Kimchi ni kitu hai, inatoa hewa. Ukiibana kwenye joto la huku, kopo linavimba, mwisho linapasuka. Mwaka wa kwanza hakutoboa. Kopo likampasukia mteja juu ya bodaboda, watu wakadhani amegongwa."

"Na ikiwa haitoi hewa?"

"Basi si kimchi. Ni kabichi."

Zulekha alisimama. "Filbert, kopo letu la ofisini lina siku ngapi pale juu ya kabati?"

"Tangu Alhamisi. Siku nne, afande."

"Chini ya bati. Lina kitundu?"

"Halina. Nani atoboe kielelezo?"

"Na mfuniko wake ukoje?"

Filbert alikumbuka chai. "Umelala tambarare, afande," alisema taratibu. "Kikombe kilikuwa kimetulia kabisa."

"Kopo lisilo na kitundu, siku nne, chini ya bati la Dar es Salaam, na kikombe kimetulia."

"Kwa hiyo aliyefungasha lile..."

"Bado. Mwanasheria yeyote atasema kopo lile ni gumu tu, haliwezi kuvimba, au mzee huyu anamtetea rafiki." Zulekha alimgeukia Kang. "Una soltepu?"

Walikiziba kitundu. Kang akasaini juu ya soltepu, Filbert akasaini, Zulekha akaandika saa: nne na dakika ishirini. Kisha akampa koplo wake lile kopo.

"Utalibeba mpaka saa tisa. Halikai kivulini wala haliingii kwenye friji. Halitoki mikononi mwako."

"Likipasuka?"

"Utakuwa shahidi mwekundu."

* * *

Shahidi wa kwanza kwenye jalada alikuwa Onesphory Temu, muuza vyombo kwa jumla. Daktari alikuwa amempa siku tatu za kupumzika, naye alikuwa anazipumzikia dukani, juu ya kreti, kati ya sufuria zilizopangwa mpaka dari.

"Bwana Onesphory, pole. Unaendeleaje?"

"Uji unapita. Kahawa haipiti. Mmeshamfunga?"

"Kimchi uliyokula Alhamisi ulinunua wapi?"

"Kwa Fortunata, wapi tena?"

"Ulikwenda kwake?"

"Mimi niache duka niende kukaa mezani? Nilinunua hapahapa. Kuna jamaa anapita na deli la bluu, la barafu. Stika si ni yake? Nikajua katumwa naye."

Filbert, kopo likiwa kwapani, aliacha kuandika.

"Amekuuzia mara ngapi?"

"Wiki mbili sasa. Mwanzoni ilikuwa kali ya kawaida. Alhamisi ndiyo ikanichoma."

"Mbona hukumwambia koplo?"

Onesphory alimwelekezea Filbert kidole. "Huyu bwana alinisimamia kitandani akaniambia, 'Umekula kimchi ya Fortunata, sivyo?' Nikasema ndiyo, nikatapika. Akaandika, akaenda kitanda cha pili."

"Andika na hiyo, Filbert," Zulekha alisema. "Neno kwa neno."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kidole. Ncha yake, na ncha za vidole vingine vya mkono wa kulia, zilikuwa na rangi ya waridi iliyoingia mpaka chini ya kucha.

"Ulikula kwa mkono?"

"Na ugali. Kwani inaliwa na nini?"

"Umenawa tangu Alhamisi?"

"Inspekta! Mke wangu kanisugua kwa limau na majivu. Pilipili ya Kikorea haitoki."

"Pilipili haikai kwenye kucha siku nne." Zulekha aliushika ule mkono. Shangazi zake Kilwa Kivinje walikuwa wanasuka mikeka, na kila likizo alirudi shule na vidole vya namna hii, akachapwa kwa kudhaniwa amepaka rangi ya kucha. Waliichemsha rangi yao kwenye sufuria kuukuu, ukindu wa kusukia ukatoka mwekundu wa kung'aa. "Hii ni rangi ya mikeka. Inauzwa mitaa miwili kutoka hapa, kwa kijiko."

Onesphory alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Nimekula mkeka?"

"Umekula kitu cha mtu ambaye hajui kimchi inapata wapi wekundu wake."

Nje ya duka alimpigia Fortunata. Swali lilikuwa moja: nani amewahi kufanya kazi jikoni mwake akaondoka?

"Eliasi," sauti ilijibu. "Wiki sita. Alikuwa ananikatia kabichi. Mikono mizuri, mwepesi. Ila alikuwa anaziba pua na kola ya fulana. Nikimwambia onja, anasema, 'Mama, mimi vitu vilivyooza sili.' Aliondoka mwenyewe, hatukukosana. Kwa nini?"

"Saa tisa uwe kwenye fremu yako. Uje na kisu cha kukatia utepe."

"Inspekta, usinipe moyo kama huna uhakika."

Zulekha alitazama kopo kifuani mwa Filbert. Katikati ya mfuniko, chini ya soltepu, palianza kuinuka. Kidogo tu, kama ngozi iliyoumwa na mbu.

"Njoo na kisu," alisema.

* * *

Deli la bluu walilikuta Mnazi Mmoja, kwenye kivuli cha ukuta. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, shati limepigwa pasi. Zulekha alimwendea peke yake, hana sare.

"Mambo?"

"Poa, dada. Karibu kimchi. Ile ya kwenye tamthilia, ya Fortunata orijino."

"Si nasikia Fortunata amefungwa?"

"Fitina za watu, dada. Mzigo upo."

"Nipe moja." Alipokea kopo. Mkono uliompa ulikuwa wa waridi mpaka kifundo cha pili. Mfuniko haukuwa na kitundu. "Hii inachachuka na nini?"

"Siki. Ndiyo siri yenyewe."

"Siku ngapi?"

"Siku? Naitengeneza alfajiri, mchana unakula. Freshi."

"Fortunata anaiacha siku tano."

"Ndiyo maana ya kwake inanuka." Akacheka. Kisha akaona kwamba mteja hacheki, na kwamba nyuma yake amesimama koplo mwenye sare, amekumbatia kopo kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake.

"Eliasi," Zulekha alisema, "umewahi kuionja kimchi ya Fortunata?"

"Mimi nilikuwa nakata tu."

"Jibu."

"Hapana."

"Na hii yako?"

"Mimi sili hivi vitu, afande. Nauza."

Hakukimbia. Alikaa juu ya deli lake. Mengine aliyatoa mwenyewe. Stika alipeleka moja kwa wachapaji, wakamtolea mia mbili, hakuna aliyemuuliza jina. Wekundu aliununua kwa kijiko. Siki alichukua ya dumu, ile kali ya kuzimua kwa maji.

"Alhamisi ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha chochote! Dumu la kwanza liliisha, nikachukua jipya duka lingine. Nikapima kwa kizibo kilekile."

"La kwanza lilikuwa limeshatiwa maji na muuzaji."

Eliasi alimkodolea macho.

"Wiki mbili umepima siki iliyochakachuliwa," Zulekha alisema. "Siku umeuziwa halisi, watu saba wamelazwa. Na mwanamke aliyekupa kazi amesaini daftari la dhamana siku nne."

"Sikutaka kuua mtu, afande. Nina wanaonitegemea."

"Na yeye anao. Nyanyuka. Deli libebe mwenyewe."

* * *

Saa tisa kasoro dakika tano, Mtaa wa Mchikichi ulikuwa umeziba. Wasichana wa maduka ya nguo walisimama kwenye ngazi, mikono imekunjwa, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Agnesi Mushi, afisa afya, alikuwa ndani ya fremu na hati yake mezani. Mwanamke makini, hapendi kucheleweshwa. Fortunata alisimama karibu na mlango, kisu amekificha ndani ya kitenge.

"Inspekta, nina wagonjwa saba na jina moja," Agnesi alisema. "Nipe sababu ya kutosaini."

"Nakupa makopo mawili."

La kwanza lilikuwa lile la kwenye kabati. La pili Filbert alilitua mezani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Mfuniko wake ulikuwa umetuna kama kitumbua, soltepu imevutika imekuwa nyeupe.

"Hili tambarare lilikutwa kwa mgonjwa. Limebanwa siku nne kwenye joto. Hili lililotuna lilitoka kwenye friji saa nne leo, likazibwa mbele ya mashahidi. Stika ni moja. Tarehe ni moja. Moja limepumua kwa saa zisizofika tano, limefika hapa. Lingine halijapumua hata mara moja, kwa sababu ndani yake hamna kitu kilicho hai. Ni kabichi, siki ya dumu na rangi ya mikeka. Aliyelitengeneza yuko mlangoni na deli lake. Hao saba, hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye meza hizi. Nimewauliza wote mchana huu. Tulitakiwa kuwauliza Alhamisi."

Filbert alitazama viatu vyake. "Nilitakiwa mimi," alisema.

Agnesi alilibonyeza lile lililotuna kwa kidole. Likamsukuma. "Na aliyelinunua hili ni nani?"

"Mimi."

Watu waligeuka. Bwana Kang alikuwa ameingia, hana kofia. Akavuka chumba chote mbele ya macho ya mtaa, akaipita meza yake ya pembeni, akavuta kiti cha meza ya katikati, akakaa. "Nakula hapa kila Alhamisi," alisema. "Leo Jumatatu, lakini nina njaa."

"Lifungue," Agnesi alimwambia Fortunata.

Fortunata aliweka kisu mezani, akainua ukingo wa mfuniko kwa kidole gumba. *Fsss.* Mtu wa kwenye ngazi akapiga kelele, wenzake wakacheka, na harufu ikatoka, kali, ya chumvi na vitunguu saumu na uduvi.

Agnesi alifunga kalamu yake. "Sampuli zote zitakwenda maabara," alisema. "Lakini nilifunga kwa sababu ya watu saba walioumwa hapa, na hapa hakuumwa mtu. Kata utepe wako, mama. Mimi sikatagi."

Fortunata hakulia. Alikata utepe kwa pigo moja, kama anakata kabichi, akauzungusha mkononi akautia mfukoni. Kisha akachota kijiko kwenye lile kopo, akaenda mpaka mlangoni kwa Eliasi. Zulekha alisogea. Filbert akasogea.

"Wiki sita umenikatia," Fortunata alisema. "Onja."

"Mama, mimi..."

"Sikupigi. Onja. Ungeonja siku ya kwanza, leo ungekuwa na meza zako."

Eliasi alitazama pingu alizovishwa, kijiko, Zulekha. Zulekha akaitikia kwa kichwa. Mtuhumiwa aliinua mikono yote miwili, akavuta kola ya shati lake safi mpaka puani, akafungua mdomo.

Alitafuna. Akatafuna tena, polepole zaidi. Kisha vidole vyake vya waridi vikaachia kola.